Kanzu za pamba zisizokunjamana: uchambuzi wa kisa cha duka moja la Mji wa Kale, Mombasa

Duka linalohusika na kisa hiki limo katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, na kwa muda mrefu limejulikana kwa kanzu nyeupe za pamba tupu. Mwenye duka, ambaye mafundi wake na wateja wengi humwita Ami, alikuwa akiwapoteza vijana, ambao walihamia kanzu za poliesta zinazoletwa kutoka nchi za Ghuba. Sababu waliyoitoa ilikuwa moja: kanzu ya pamba hukunjamana. Mtu hutoka nyumbani ikiwa imenyooka, akitawadha mikono yake hupandishwa na kuloa, akisujudu na kukaa kitako kitambaa hubanwa nyuma ya magoti, na baada ya Swala ya Ijumaa huonekana kama aliyelala na nguo zake. Ami alikataa kuuza poliesta, na kwa joto la pwani alikuwa na haki ya kukataa, kwa sababu nyuzi za poliesta hunyonya unyevu kwa kadiri ya asilimia 0.4 tu ya uzito wake, ilhali pamba hunyonya asilimia 7 hadi 8 katika hewa ya kawaida ya maabara. Akaamua kupeleka majora ya poplini nyeupe, yaani kitambaa chepesi cha pamba kilichofumwa kwa ukaribu, katika kiwanda kimoja cha bara ili yatiwe dawa ya kuzuia mikunjo, na jora moja akalibakisha dukani bila dawa.

Majora yaliporudi, kitambaa kilikuwa kimenyooka kiasi cha kumfurahisha kila aliyekigusa, na kanzu ziliuzwa haraka. Malalamiko yalianza baada ya miezi michache. Kanzu zilikuwa zimepasuka magotini na kwenye upindo wa chini, nyingine zilikatika kando ya matundu ya vifungo, na mafundi walisema kwamba kila wanapofungua jora jipya au kupitisha pasi ya moto hutoka harufu kali inayochoma macho na koo. Mafundi walimlaumu dobi kwa kuzidisha dawa ya kung'arisha. Dobi naye alijibu kwa uchungu: "Mimi nafua kanzu za watu toka enzi, haijanipasukia hata moja mkononi ila hizi zenu." Nilipoitwa kulichunguza jambo hili, Ami aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nieleze kwa ukweli, pamba hii ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ama ni sisi tumeiharibu kwa dawa?"

Jibu la swali hilo linahitaji kwanza kueleweka kwa nini pamba hukunjamana. Uzi wa pamba ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi, na kila kiungo cha mnyororo huo kina vikundi vitatu vya haidroksili vinavyoshikana na vya mnyororo wa jirani kwa viungo vya haidrojeni. Kuna sehemu ambamo minyororo imepangika kwa ukaribu na kushikana sana, na kuna sehemu zilizolegea ambamo maji huingia kwa urahisi. Kitambaa kinapokunjwa, minyororo ya sehemu zilizolegea huteleza, viungo vya haidrojeni hukatika, kisha huungana upya mahali minyororo ilipohamia. Hakuna kinachoivuta irudi, na kwa hiyo mkunjo hubaki. Unyevu hulizidisha jambo hili, kwani maji huilegeza minyororo na kuifanya iteleze kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana mkono wa kanzu uliolowa kwa udhu hushika mikunjo mibaya kuliko sehemu iliyobaki kavu, na ndiyo maana shati lililokaa limenyooka huko kwenye hewa kavu ya nyanda za juu huchoka mapema Mombasa. Pasi hutumia kanuni hiyohiyo kwa manufaa yetu: joto na mvuke huilegeza minyororo, uzito wa pasi huipanga, nayo hukaushwa ikiwa imenyooka.

Dawa ya kuzuia mikunjo hufanya kazi kwa kuunganisha minyororo ya selulosi kwa viungo vya kudumu visivyovunjwa na maji. Viungo hivyo vinakaa kati ya minyororo kama vipago vya ngazi, na kitambaa kinapokunjwa huivuta minyororo irudi ilipokuwa. Wazo hili si geni. Kampuni ya Tootal Broadhurst Lee ya Manchester ilifanikiwa kulitekeleza katika miaka ya 1920 kwa resini ya urea na fomaldehaidi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanakemia wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko New Orleans, akiwemo Ruth Benerito, aliyeacha hataza 55 alipofariki mwaka 2013, waliiendeleza kazi hiyo kwa sababu iliyofanana sana na ya Ami: wakulima wa pamba walikuwa wakipoteza soko kwa nyuzi za viwandani. Kemikali inayotawala hadi leo ni ile iitwayo kwa kifupi DMDHEU, resini inayotengenezwa kwa urea, glaioksali na fomaldehaidi. Kitambaa hupitishwa katika hodhi lenye mchanganyiko wa resini, kichocheo na kilainishi, hukamuliwa kati ya rola mbili, hukaushwa, kisha huivishwa katika tanuri kwa joto la kama nyuzi 150 hadi 160 za selsiasi kwa dakika mbili hadi tatu. Kichocheo, ambacho mara nyingi ni magneziamu kloridi, hutoa tindikali kinapopashwa moto, na tindikali hiyo ndiyo inayoisukuma resini iungane na selulosi.

Hapa ndipo palipo na gharama. Viungo vile vile vinavyourudisha uzi mahali pake huuzuia pia kugawana mzigo. Katika pamba ya kawaida, uzi mmoja ukivutwa, minyororo yake huteleza kidogo na uzito husambaa. Katika pamba iliyofungwa kwa viungo vya kudumu, uzito hukusanyika mahali pamoja na uzi hukatika. Kupungua kwa nguvu ya mvutano kwa asilimia 30 hadi 50 ni jambo linalojulikana vyema katika kazi hii, na uwezo wa kustahimili msuguano huathirika pia, mara nyingi vibaya zaidi. Kuna hasara ya pili iliyo tofauti na hiyo: tindikali ya kichocheo, ikipata joto kali kwa muda mrefu, huikata minyororo ya selulosi yenyewe. Hasara ya kwanza hutoweka viungo vikiondolewa. Ya pili haitibiki. Fundi anayechunguza kitambaa kilichodhoofika ni lazima ajue anakabiliana na ipi kati ya hizo mbili, na uchunguzi mzima wa kisa hiki ulielekezwa huko.

Dobi aliondolewa lawamani siku ya kwanza. Chini ya meza ya kukatia kulikuwa na gunia la vipande vilivyobaki wakati wa kukata kanzu, vipande ambavyo havikuwahi kuguswa na maji wala sabuni. Nilikata tundu dogo ukingoni mwa kimoja na kukivuta kwa mikono miwili: kilichanika moja kwa moja hadi mwisho kwa sauti kavu, karibu kama karatasi. Kipande cha jora lisilotiwa dawa, lenye uzi uleule na ufumaji uleule, kilikataa. Nyuzi za mshindio, yaani zile za upana wa kitambaa, zilijikusanya penye tundu, zikakaza, na ilibidi nitumie nguvu nyingi kukichana. Tofauti hiyo ya namna ya kuchanika ina maana yake. Kitambaa huzuia mchaniko kwa nyuzi zake kuteleza na kujikusanya pamoja ili zivutwe kwa kundi. Zikiwa zimeganda mahali pake, hukatwa moja baada ya nyingine. Kupasuka magotini na pindoni kulithibitisha jambo hilohilo kwa upande wa msuguano, kwani hapo ndipo kanzu husuguana na mkeka katika sijda na kukokota kwenye ngazi za mawe. Mishono yenyewe ilikuwa mizima, jambo lililoonyesha kwamba uzi wa cherehani haukuwa na tatizo.

Kipimo cha mikunjo hakihitaji mashine kubwa, na nilikifanya dukani mbele ya mafundi ili waone kwa macho yao. Hukatwa ukanda wa sentimita 4 kwa 1.5, hukunjwa katikati, huwekewa uzito wa nusu kilo kwa dakika tano, kisha huachwa ujikunjue kwa dakika nyingine tano na pembe iliyofunguka kupimwa. Kipimapembe cha seti ya jometri ya mtoto wa shule kinatosha kwa kazi ya kulinganisha. Hupimwa kwa upande wa mtande, yaani nyuzi za urefu, na upande wa mshindio, na pembe mbili hizo hujumlishwa. Pamba tupu kwa kawaida hutoa jumla ya kati ya nyuzi 150 na 200, na jora la Ami lisilotiwa dawa lilikuwa humo. Kitambaa kilichotiwa dawa kilipita 270. Hiyo ni pembe ya kiwango cha juu sana kwa poplini, na badala ya kunifurahisha ilinitia wasiwasi, kwa sababu pembe kubwa hivyo katika kitambaa chepesi haipatikani bila kulipiwa kwa nguvu.

Karatasi ya kazi kutoka kiwandani ilieleza yaliyosalia. Mchanganyiko uliotumika ulikuwa na gramu 120 za resini kwa lita, na tanuri lilikuwa limewekwa nyuzi 175 kwa dakika nne, bila kuoshwa kwa kitambaa baada ya kuivishwa. Mpangilio huo ulikuwa wa kaki nzito ya suruali. Kitambaa kizito huchelewa kupata joto, na sehemu ya dakika zile nne huishia katika kukipasha tu. Poplini, ambayo uzito wake ni chini ya nusu ya uzito wa kaki, hufikia joto la tanuri mapema sana, na muda uliobaki wote hupikwa pamoja na tindikali. Kiwanda hakikudanganya, wala hakikutumia dawa bandia. Kilitumia kipimo kisichofaa kwa kitambaa kilichopewa, na Ami hakuulizwa kitambaa hicho ni cha vazi gani wala kitafuliwa namna gani. Naliona hilo kuwa kosa zito kuliko lile la tanuri.

Ili kuthibitisha, maabara ilifanya jaribio la kuvua dawa. Ukanda uliotiwa dawa na ukanda usiotiwa viliwekwa pamoja katika mchanganyiko hafifu wa asidi ya fosforiki na urea wenye joto la nyuzi 80 kwa nusu saa, ambao huvunja viungo vya DMDHEU, kisha vikasuuzwa na kukaushwa. Ukanda usiotiwa dawa uliwekwa humo kwa makusudi, kwa kuwa asidi ya kuvulia inaweza yenyewe kudhoofisha pamba kidogo, na bila kielelezo hicho matokeo yasingekuwa na maana. Pembe ya ukanda uliotiwa dawa ilishuka hadi kiwango cha pamba tupu, ishara kwamba viungo vimeondoka. Nguvu yake, ambayo kabla ya hapo ilikuwa karibu nusu ya nguvu ya kitambaa kisichotiwa dawa, ilirudi kidogo tu. Sehemu kubwa ya hasara, basi, haikutokana na viungo bali na minyororo iliyokatwa na tindikali ndani ya tanuri, na hakuna cha kuirudisha. Vipande vingine vilichemshwa katika maji safi na maji hayo yakapimwa kwa karatasi ya litimasi, nayo ikageuka nyekundu. Tindikali ilikuwa ingali ndani ya nguo, na kila pasi ya moto iliyopita juu yake iliendeleza kidogo kazi iliyoanzwa na tanuri.

Harufu ilikuwa suala la pekee, na kwangu ndilo lililokuwa la haraka zaidi kwa sababu mafundi walikuwa wakiivuta kuanzia asubuhi hadi jioni katika chumba chenye dirisha moja. Ilikuwa fomaldehaidi. Resini isiyoungana na selulosi, pamoja na ile inayovunjwa polepole na unyevu na joto, huiachia gesi hiyo hewani, na ghala la Mombasa lililofungwa lina unyevu na joto vyote viwili kwa wingi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, nayo pia huwasha ngozi ya watu wengi. Kwa nguo zinazogusa ngozi, kiwango kinachokubalika chini ya Oeko-Tex, alama ya kimataifa ya usalama wa nguo, ni miligramu 75 kwa kila kilo ya kitambaa, na sheria ya Japani na ya Umoja wa Ulaya zina kikomo hichohicho. Kipimo hufanywa kwa kuloweka kitambaa katika maji ya nyuzi 40 kwa saa moja na kuyatia maji hayo kemikali inayoyageuza ya manjano kadiri ya fomaldehaidi iliyomo. Maji ya kitambaa cha Ami yaligeuka manjano iliyokolea, juu sana ya kikomo hicho. Nilishauri majora yaliyosalia yatolewe chumbani siku ileile, na Ami alikubali bila kubishana ingawa ilikuwa hasara kubwa kwake. Kuosha kitambaa kwa maji ya moto yenye magadi soda kidogo mara baada ya tanuri huondoa sehemu kubwa ya fomaldehaidi iliyo huru na pia hutuliza tindikali. Hatua hiyo ndiyo viwanda vingi huiruka ili kuokoa maji na umeme, na ndiyo ambayo mnunuzi angepaswa kuidai kabla ya nyingine zote.

Kabla ya kurudi kiwandani, Ami alitaka kujua kama kuna dawa isiyo na fomaldehaidi kabisa. Ipo. Mwaka 1988 Clark Welch, wa maabara ileile ya New Orleans, alionyesha kwamba asidi yenye vikundi vinne vya kaboksili, ijulikanayo kama BTCA, ikichochewa na sodiamu haipofosfaiti, huunganisha selulosi kwa viungo vya esta na kuzuia mikunjo kwa kiwango kinachokaribia kile cha DMDHEU. Kikwazo chake ni bei, na kwa duka la ukubwa huu bei hiyo haibebeki. Asidi sitriki, iliyomo katika ndimu na malimau, ni rahisi na salama, na nimeiona ikipendekezwa mara nyingi na watu wanaotaka njia ya asili. Lakini kwenye joto la kuivishia huifanya pamba iwe na umanjano. Kwa kitambaa cha rangi ya maziwa au kahawia hilo huvumilika. Kwa kanzu nyeupe ya Ijumaa halivumiliki, na nilimwambia hivyo waziwazi.

Kwa hiyo tulirudi kwenye DMDHEU, ila kwa namna tofauti kabisa. Resini iliyochaguliwa ilikuwa ile iliyorekebishwa kwa glaikoli, ambayo huachia fomaldehaidi kidogo zaidi, na kiasi chake kilipunguzwa hadi gramu 50 kwa lita. Tanuri liliwekwa nyuzi 150 kwa dakika mbili, na joto lilipimwa kwenye kitambaa chenyewe kwa vibandiko vinavyobadilika rangi, si kwa kutazama kipimajoto cha tanuri. Kabla ya dawa, kitambaa kilipimwa kuhakikisha hakina mabaki ya magadi kutoka katika hatua ya kusafishwa, kwa sababu magadi huua tindikali ya kichocheo na resini hubaki bila kuungana, jambo ambalo huleta mikunjo na fomaldehaidi kwa pamoja. Kilainishi kilikuwa na umuhimu kuliko mafundi walivyodhani: emalshani ya politheni na silikoni, yaani matone madogo ya vitu hivyo yaliyosambazwa majini, huzifanya nyuzi ziteleze tena, na hivyo kurudisha sehemu ya uwezo wa kuzuia mchaniko. Nilisisitiza silikoni ya aina inayopenda maji, kwani ile ya kawaida hukifanya kitambaa kikatae jasho, na mtu angekuwa ameikimbia poliesta ili aipate tena kwa mlango wa nyuma. Mwishowe kitambaa kilioshwa na kusuuzwa.

Matokeo yalikuwa ya wastani, kama nilivyotarajia na kama nilivyotaka. Pembe ilikaribia nyuzi 230. Kanzu ikitoka kufuliwa na kuanikwa ikiwa imetundikwa, haihitaji zaidi ya pasi nyepesi, na mikono iliyolowa kwa udhu hujinyoosha kiasi inapokauka. Lakini mtu akikaa kitako tangu adhuhuri hadi alasiri, mikunjo nyuma ya magoti itaonekana. Nguvu ya mvutano ilibaki karibu robo tatu ya ile ya kitambaa kisichotiwa dawa, litimasi haikubadilika, na fomaldehaidi ilikuwa chini ya kikomo. Kipande hakikuchanika tena kama karatasi. Kijana mmoja dukani alilinganisha kitambaa cha kwanza na cha pili na kusema cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi, na kwa macho alikuwa sahihi.

Msimamo wangu baada ya kisa hiki ni kwamba mnunuzi wa dawa ya mikunjo anapaswa kuagiza kwa kutaja kwanza nguvu anayokubali kuipoteza, kisha ndipo pembe anayoitaka. Kiwanda kikiambiwa "nataka isikunjamane" hakina sababu ya kupunguza resini, kwa sababu mteja atakipima siku ya kupokea mzigo, na siku hiyo kitambaa kilichozidishiwa dawa ndicho kinachopendeza zaidi. Udhaifu huja baadaye, mbali na kiwanda, magotini mwa mtu asiyejua habari ya tanuri.

Dobi naye aliitwa, akaombwa radhi na mafundi mbele ya Ami, kisha akapewa maelekezo ya kitambaa kipya: kisitiwe dawa ya kung'arisha yenye klorini, ambayo nitrojeni iliyomo katika resini inaweza kuishika na kuiachia chini ya pasi kwa kuleta umanjano na kudhoofisha nyuzi, kanji isitiwe nzito, kwa kuwa hukifanya kitambaa kilichokwisha kufungwa na dawa kikatike penye mikunjo ya pasi, na pasi ipitishwe nguo ikiwa na unyevu kidogo. Ami ameendelea kushona kanzu za aina zote mbili, iliyotiwa dawa na isiyotiwa, na humweleza mteja tofauti yake kabla ya kupima mabega. Za watoto wadogo hushonwa kwa pamba isiyotiwa dawa peke yake, kwa sababu kikomo cha fomaldehaidi kwa nguo za watoto wachanga ni cha chini mno, miligramu 16 kwa kilo, na hakuna jora la kitambaa kilichotiwa resini ambalo yuko tayari kulidhamini kwa kiwango hicho.